Jina la Binti wa Kache

Sogeeni karibu, maana mwisho wa kisa hiki kazi nitawaachia nyinyi.

Katika kijiji cha Mwahera, chini ya kilima chenye machimbo yaliyoachwa zamani, waliishi wanawake watatu, marafiki, waliopenda mawe kama wengine wanavyopenda kanga. Wakitoka shambani hupita machimboni, wakaokota mawe na kuyapanga barazani. Jumwa alikuwa na jicho: mng'aro aliouona mara moja hausahau. Nyevu alikuwa na moyo wa kuingia shimo lolote na kutoka. Umazi alikuwa na mikono inayoyajua mawe; hulipima jiwe kiganjani, akalikwaruza mgongoni mwa kigae, kisha akakwambia ni jiwe gani.

Jirani yao Kache alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Kahindi. Mtoto alianza kutapika na kulia tumbo, akapauka, mwisho akashikwa na degedege. Kwenye zahanati walimpima malaria, wakampima minyoo, wasione kitu. Kache akarudi naye nyumbani, akawa anamtazama tu.

Jumwa alikwenda kumjulia hali. Alipompakata mtoto, aliona wanja wa machoni unametameta. Wanja wa masizi haumeti hivyo.

"Kache, wanja huu umetoka wapi?"

"Aliusaga mama mkwe."

Mama mkwe, Bi Mbodze, hakuficha. "Ni jiwe jeusi lenye kumeta. Mvua ililifukua pale shimo la juu, nikaliokota. Nilitaka mjukuu wangu apendeze. Limekwisha lote."

Jumwa akawaeleza wenzake shaka yake juu ya wanja ule. Nyevu aliposikia jiwe limekwisha, alichukua kamba akatafute jingine kama lile, Umazi alipime. Mvua ilikuwa imelegeza kingo za shimo, na watu walimsihi angoje ardhi ikauke. "Mtoto hatangoja," akasema, akashuka. Kifusi kilimwangukia, bega likateguka, lakini alipanda na donge la jiwe amelifunga kwenye leso.

Sasa, kilima kile kina mawe meusi ya kumeta ya kila aina. Umazi alilishika donge, akaona ni zito kuliko ukubwa wake. Alilikwaruza kigaeni, likaacha mstari wa kijivu. Aliligonga, likavunjika vipande vya mraba kama dadu. Uso ukambadilika.

"Hili lina madini ya risasi," akasema. "Ni sumu. Mtoto anafikicha macho, kisha ananyonya vidole. Mnawisheni, twende hospitali kubwa, na jiwe twende nalo."

Daktari alipoliona jiwe na kusikia maelezo, alipima damu, akajua dawa ya kutoa. Kahindi alilazwa muda mrefu. Siku aliyoomba uji mwenyewe, Kache alilia mbele ya wauguzi wote.

Mwaka uliofuata Kache akajifungua binti. Kwa desturi yao, binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba. Lakini Bi Mbodze alimpakata kichanga, akasema, "Haki yangu naitoa. Kahindi yuko hai kwa sababu ya hawa watatu. Mpeni jina la mmoja wao, ili kila nikimwita niwe nashukuru."

Kache akawaita marafiki wale, akawaeleza.

"Mwite Nyevu," Jumwa akasema. "Mimi nilitazama tu. Yeye aliingia shimoni, na angeweza asitoke."

"Mwite Umazi," Nyevu akasema. "Mimi nilipanda na jiwe nisilolijua. Lingebaki barazani na mengine."

"Mwite Jumwa," Umazi akasema. "Asingeona yeye, mimi ningekuwa napanga mawe yangu, na Kahindi tungemzika."

Wakabishana hivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake, hadi kichanga kikaamka kwa njaa. Kache akamweka kifuani.

"Moyoni nawashukuru sawasawa," akawaambia. "Lakini mtoto ataitwa jina moja."

Kesho ndugu wanakusanyika kulisikia jina hilo, na Kache bado hajalipata. Je, wewe uliyenisikiliza, ungemwambia amwite binti yake nani?