Kichwa cha Seuri

Mtu mzima mwenye ndevu zake si rahisi akiri kwamba hajui. Seuri, mfugaji wa Kimaasai wa Tindiga, alikuwa hivyo. Simba alimjua kwa unyayo na tembo kwa kinyesi, na kambi moja ya watalii kule Mikumi ilimtaka awe mwongozaji. Kikwazo kilikuwa Kiingereza. Usaili wa kwanza alishindwa. Akapewa wa pili na wa mwisho, baada ya mwezi mmoja.

Akajiunga na darasa la jioni Mabwerebwere, mjini Kilosa. Mwalimu alikuwa Loveth, binti wa miaka ishirini.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba,” Seuri akajibu, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Somo lilikuwa virai vitenzi. Loveth alieleza jinsi vitenzi visaidizi vinavyotangulia kitenzi kikuu ili kuonyesha jambo linatendeka sasa au lilianza zamani. “Mmeelewa?” Seuri aliitikia kwa kichwa. Hakuwa ameelewa hata chembe, ila kumuuliza mtoto wa kumzaa aliona ni kujivunjia heshima. Wiki mbili zikapita hivyo. Jaribio lilipokuja, akapata sifuri nene kama yai la bata.

Mkewe, Naserian, alicheka hadi machozi. “Baba Sapit, mimi nainama kila alfajiri kukamua maziwa unayokunywa. Wewe ukiinama mara moja tu, mgongo utavunjika?”

Seuri alinuna, kisha akashindwa, akacheka naye.

Kesho yake aliwahi darasani. Akasimama mbele ya Loveth, akainamisha kichwa aguswe utosini, kama watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wakubwa. Binti alipigwa na butwaa. Mwishowe akamgusa kwa ncha za vidole.

“Mwalimu, sijaelewa kitu tangu siku ya kwanza.”

Loveth akafikiri. “Ng'ombe wakirudi nyumbani, nani hutangulia?”

“Mwenye kengele. Ukimsikia, unajua kundi limefika wapi.”

“Basi kitenzi kisaidizi ndiye huyo, baba. Kundi linakuja nyuma yake.”

Seuri alicheka kwa sauti. Tangu jioni ile aliuliza maswali mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.

Siku ya usaili, msaili alimwonyesha simba waliolala kivulini. Seuri akatazama nyasi zilivyolazwa, akatanguliza kengele zake mbili, “have” na “been”: “The lions have been sleeping since morning,” yaani simba wamelala tangu asubuhi.

Alipopiga simu nyumbani kusema ameajiriwa, Naserian alipiga vigelegele hadi ndama wakatimka. Kisha akauliza, “Na mgongo je?”

“Mzima kabisa, mama Sapit!”

Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.