Picha Tatu za Holo

Wewe unayeguna hapo, guna ukishasikia. Hadithi haijaanza, umeshasema mtoto asiyesema hawezi kusimulia. Umewahi kumuuliza hata mmoja? Basi nyamaza.

Hapo zamani, wala si zamani sana, alikuwapo msichana Holo, binti wa Mihayo na Kalunde. Masikio alikuwa nayo, tena makali. Maneno ndiyo hayakutoka. Alilala chumba kimoja na bibi yake Nyanzobe, mama mzazi wa huyo Mihayo. Na Mihayo ndama akimpotea, humuuliza Holo yuko wapi. Holo hajibu. Anapigwa kwa kumpoteza ndama, halafu anapigwa kwa kutojibu. Asubuhi Nyanzobe humpaka mafuta ya nyonyo mgongoni, humshusha gauni, humwambia nenda shule.

Shuleni akaja mwalimu kijana, Minza. Akakata maboksi ya sabuni, akachora: ndama, mvua, baba, bibi, mtoto, fimbo ya kuchungia. Kila Jumatatu wenzake wakisimama kueleza habari za nyumbani, Holo alipanga picha zake juu ya dawati. Mara ya kwanza aliweka bibi, akaweka mvua, na darasa zima likajua Nyanzobe kalowa chapachapa. Wakacheka, Minza naye akacheka. Siku hiyo Holo alirudi nyumbani akirukaruka.

Jumatatu nyingine akaweka baba. Akaweka fimbo. Akaweka mtoto.

Minza hakuamini macho yake. Picha tatu, tena kwa mpangilio. "Mpigieni makofi ya kilo," akasema, na darasa likapiga. Holo akazigusa tena kwa kidole, moja moja. Wakapiga tena.

Mwalimu mkuu Ndalahwa akasikia makofi, akaja kuona. Naye akafurahi. Akasema vitu vizuri namna hii visichafuliwe na mikono ya watoto, wakaguzi wako njiani. Akavifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni.

Holo hakuwa mjinga. Aliokota mkaa jikoni akachora ukutani: baba, fimbo, mtoto. Kalunde akachovya kitambaa, akafuta. Holo akachora tena, mama yake akafuta tena. Hata siku moja Kalunde akachelewa kisimani, Mihayo akarudi mapema, akajikuta ukutani. Akauvunja mkono uliomchora, akatoroka, na mpaka leo hajulikani alipo.

Walimu wale wawili wakaja kumpa mtoto pole. Wakakaa chumbani kwa Nyanzobe na sukari yao na sabuni yao, na baada ya pole kila mmoja akatoa utetezi wake.

Minza alilia. Alisema ni yeye aliyempa Holo picha. Bila yeye mtoto asingesema lolote, na wao wasingekuwa na cha kujadili. Chuoni alifundishwa kumpongeza mtoto anayejaribu. Amejaribu, kampongeza.

Ndalahwa alisema hakuna aliyemwambia picha zilisema nini. Yeye alikuta makofi. Mtoto anapigiwa makofi, utajuaje kwamba analia?

Kalunde aliwatazama walimu bila kupepesa. "Mimi nilifuta ili asiuawe. Ninyi mliona mchana kweupe, hakuna wa kuwashikia fimbo, mkapiga makofi."

Nyanzobe akasonya. Akasema wote watatu hawana haya. Mtoto kasema wazi kuliko redio, wao wamejitia uziwi, sasa wanaleta sukari.

Ndipo Kalunde akamgeukia, akainamisha kichwa kama mkwe anavyopaswa, akasema taratibu: "Mama, shikamoo tena. Yale mafuta ya nyonyo uliyokuwa ukimpaka Holo kila asubuhi, ulidhani unatibu nini? Au ulinyamaza kwa kuwa Mihayo ni mwanao?"

Holo kitandani, mkono umefungwa kwa vibao, akamtazama bibi yake. Alikuwa anasubiri jibu, yeye aliyepigwa kwa kutojibu.

Nyanzobe akafungua mdomo. Halikutoka neno. Akainuka, akatafuta kandambili zake kwa mguu, akatoka nje, akafunga mlango.

Haya, semeni. Aliyepiga makofi, aliyefunga kabati, aliyefuta ukuta, aliyepaka mafuta: Mihayo hayupo, hawa wapo. Je, nani kati yao aliuvunja mkono wa Holo?