Bahari ya Mama Hosiana

Katika miaka ile ya ruksa, maduka ya Morogoro yalipojaa bidhaa kama ghala wakati wa mavuno, palikuwa na nyumba moja karibu na stesheni ya treni ambayo ndani yake mlikuwa na bahari. Mpita njia aliona bati la kawaida na ukuta wa chokaa, na nyuma yake milima ya Uluguru iliyojitanda mawingu kama mtu aliyejifunika shuka asubuhi ya baridi. Lakini aliyekaribishwa sebuleni alisikia maji yakidondoka bila kukoma, na pua yake ikapokea harufu ya pwani.

Bahari hiyo ilikuwa tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Alilitengeneza Castory, mzaliwa wa Matombo na fundi mstaafu wa karakana ya reli, kwa ajili ya mkewe Magdalena, ambaye majirani walimwita Mama Hosiana. Magdalena alizaliwa Bagamoyo. Alipoanguka na kuvunjika nyonga, safari za gari zikawa mateso kwake, naye akajua kwamba pwani ya kwao hataiona tena. Castory hakuwa mtu wa maneno matamu. Alitafuta vioo, akaviunga, akamwomba rafiki yake Tomasi, gadi wa treni, awe anamletea madumu ya maji ya bahari kutoka Dar es Salaam.

Wakati huo, kabla ya ruksa, ilikuwa miaka ya foleni, ambapo hata kipande cha sabuni kilitafutwa kwa tochi. Chujio la tangi angelipata wapi? Castory alitoboa beseni kuukuu, akalijaza vipande vya matumbawe, makombe na changarawe, akaliweka juu ya tangi. Pampu ndogo aliyoiokota karakana na kuifufua ilipandisha maji, nayo yakapita polepole katikati ya mawe yale na kurudi chini kama manyunyu. Baada ya miezi michache mawe yaligeuka rangi ya ugoro na kuota utelezi. Yalikuwa mabaya kuyatazama, lakini samaki waliishi.

Kipenzi cha Magdalena alikuwa kitatange mmoja wa manjano mwenye mistari myeusi. Alimwita Nahodha. Kwa miaka sita samaki huyo alikuwa akipanda juu kila asubuhi na kula vipande vya kamba vidoleni mwa Magdalena, naye mama huyo alizungumza naye habari za Bagamoyo kana kwamba wametoka mtaa mmoja.

Siku moja aliingia Jackson, kijana mfanyabiashara aliyekuwa amefungua duka la vitu vya nje.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu kiti," Castory alimjibu.

Jackson aliketi, akabana pua. "Mzee wangu, fundi mzima wa reli, sebule inanuka kama soko la samaki! Wageni unawaambia nini?"

"Tunawaambia wavue viatu," Magdalena alidakia.

Castory alicheka, lakini maneno yale yalimchoma kama mwiba. Jackson alipomwonyesha chujio jipya la plastiki, jeupe kama yai, lenye mota yake na sponji ndani, macho ya mzee yalimtoka.

"Hili limetoka Dubai," Jackson alisema. "Maji yatakuwa kama machozi."

"Baba Hosiana," Magdalena alisema mgeni alipoondoka, "hayo mawe yamekukosea nini?"

"Mama Hosiana, zama za kuungaunga zimekwisha. Kila kitu sasa kipo. Kwa nini uangalie takataka hadi uzeeni?"

Magdalena alimwacha afanye, kwa kuwa alijua mumewe alitaka kumfurahisha.

Jumamosi iliyofuata Castory alifanya kazi kama bwana harusi anayeandaa nyumba. Aliwahamishia samaki kwenye ndoo. Aliyamwaga mawe ya beseni kwenye shina la mgomba, akausugua mchanga wa tangi kwa maji ya bomba mpaka ukang'aa, kisha akafunga lile chujio jeupe. Jioni majirani walikuja kutazama. Hakuna aliyebana pua. Maji yalikuwa maangavu hata samaki walionekana kuelea hewani.

Siku ya tatu kamba wawili walikutwa wamepinduka. Siku ya nne samaki wadogo wa rangi ya chungwa walikufa, mmoja asubuhi na mwingine mchana. Waliobaki walikaa juu ya maji wakitweta, na Nahodha alikataa kula.

Castory alihangaika. Alihisi chumvi imepungua. Akayaonja maji, yalikuwa na ladha ileile. Akalaumu chakula, akabadilisha, samaki mwingine akafa. Akamshuku kaa aliyeishi ndani ya kombe kwamba anawauma wenzake, akamtenga kwenye bakuli. Vifo havikukoma.

"Unamfunga kaa wa watu bila kesi," Magdalena alimwambia. "Hebu niambie, ni kitu gani hasa tumekibadilisha?"

"Maji yaleyale ya Tomasi. Mahali palepale." Castory alikwepa macho ya mkewe. "Labda sponji imeziba. Nitakwenda kununua nyingine."

Alipofika dukani alikuta viatu vya mitumba vimepangwa hadi mlangoni.

"Sponji?" Jackson alishangaa. "Mzee wangu, biashara ile nimeiacha. Lilikuwa chujio moja tu, lilikuja ndani ya mzigo wa mtu. Sasa hivi mjini ni raba. Wewe unavaa namba ngapi?"

Castory aligeuka, akarudi nyumbani mikono mitupu. Alimkuta dada yake Rosa amewasili kutoka Matombo na mkungu wa ndizi. Rosa alikuwa mpika pombe aliyesifika vijiji vyote vya huko. Alikuwa amesimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Wifi yangu ananiambia umewaogesha samaki mpaka wakafa," alisema. "Yale mawe yenye utelezi yako wapi?"

"Niliyatupa, dada. Yalikuwa machafu."

"Machafu!" Rosa alicheka bila furaha. "Mtungi wangu wa pombe una miaka ishirini, sijawahi kuupitishia sabuni. Mke wa mwanangu aliusugua mara moja tu, kwa mapenzi kama yako. Pombe ililala siku tano, haikuchachuka. Kinachopika kimo humo humo kwenye utando, Castory. Sisi tunakoroga tu."

Castory aliyatazama maji maangavu, akaelewa. Samaki walikuwa wakila na kuchafua, na ule utelezi wa mawe uliokuwa ukiula uchafu wao haukuwepo tena. Alitoka mbio hadi kwenye mgomba. Mawe yalikuwa yamekauka kwa jua, meupe kama mifupa.

"Nakwenda pwani," alisema.

"Nenda," Magdalena alimjibu. "Sisi tutampunguzia Nahodha sumu ya uchafu wake."

Castory alipanda treni siku hiyohiyo. Huku nyuma wanawake wawili waliteka maji ya tangi bakuli kwa bakuli na kujazia ya dumu la mwisho, mmoja akitembea, mwingine akielekeza kutoka kitini. Nahodha alilala ubavu. Magdalena aliingiza mkono majini, akamshikilia wima kwa viganja, akimsimulia habari za kwao.

Siku ya pili asubuhi Castory aliingia na gunia bichi mgongoni, limejaa mawe yenye utelezi. Tangi lilikuwa limefunikwa kanga. Akajua Nahodha amekufa. Alikaa sakafuni karibu na mguu wa mkewe, fundi aliyekuwa akitengeneza vichwa vya treni, akalia.

"Nilitaka upate kitu kizuri," alisema.

"Nilikuwa nacho," Magdalena alimjibu. Akamgusa bega. "Haya, weka mawe yako. Nataka nisikie maji."

Castory alilitafuta beseni, akarudisha pampu ya zamani. Maji yakaanza kudondoka, na harufu ya pwani ikarudi polepole sebuleni. Baadaye Tomasi alileta samaki wengine, nao waliishi miaka mingi. Lakini wakongwe wa mtaa ule wanakumbuka kwamba hakuna hata samaki mmoja kati ya hao wapya aliyepanda kula mkononi mwa Mama Hosiana, wala yeye hakumpa mwingine jina.

Mbacha, yaani mkeka uliochakaa, ni wako na umeuzoea mwili wako. Msala, mkeka wa kuswalia wa mpita njia, hata uwe mzuri vipi, utaondoka na mwenyewe na kukuacha chini. Castory alijifunza hayo kwa gharama ya Nahodha: usiache mbachao kwa msala upitao.