Darasa la Vichwa Vikubwa

Wallahi! Haki ya Mungu! Nikidanganya hata neno moja, ulimi wangu uote manyoya! Sogeeni, watoto, na wewe toa kidole mdomoni usikie vizuri.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, wakipika ugali na kusengenyana vibarazani, Mwalimu Kiboko alianzisha Darasa la Vipaji Maalumu. Alivaa miwani mikubwa kama nyungo mbili, na haikuwa na vioo. Akasimama mbele ya wazazi, tumbo mbele, akanguruma:

"Watoto wenye akili za ziada watengwe! Tukiwachanganya na hawa wa kawaida, wataambukizwa ujinga!"

"Sawasawa!" akaitikia Baba Tembo. "Wangu ana akili mpaka anaumwa kichwa!"

Sasa sikieni alivyowapima. Alikuwa na kitanzi cha kamba. Kichwa kikijaa kitanzi, una kipaji. Kikipita, huna. Basi! Mtoto wa Tembo kilimnasa, akavutwa na wanaume saba, hooo-haa, hooo-haa! Baba yake akalia kwa fahari. Mtoto wa Kifaru akanasa. Mtoto wa Nyati naye akanasa, maana pembe zilihesabiwa.

Ikaja zamu ya Tabu, binti wa Mama Pimbi aliyefagia shule. Huyu Tabu alijua kusoma kabla ya kuota meno, wallahi! Kitanzi kikashuka kichwani, mabegani, kiunoni, pwaa! Kikalala miguuni.

"Mwalimu, muulize basi hata swali moja," akasema Mama Pimbi.

"Mama Tabu, akili haiulizwi, inapimwa! Mpe ndoo huyo akachote maji ya vipaji."

Ikawa hivyo. Vipaji wanakunywa uji wa karanga kutoka sufuria ambamo ungeweza kupiga mbizi, Tabu na wadogo wenzake wanapandisha ndoo kutoka mtoni. Mbaya zaidi, Ijumaa angefika Mfalme Simba kuwauliza vipaji maswali. Wakijibu vizuri, angepiga muhuri: watoto wadogo wasikanyage darasa tena, kazi yao ndoo tu, milele.

Mama Pimbi akakosa usingizi. Alhamisi akawa anafagia chini ya dirisha la vipaji, fyagu, fyagu, akasikia Kiboko anawakaririsha.

"La kwanza?"

"Mfalme Simba, baba yetu mpendwa!"

"La pili?"

"Mawinguni!"

"La tatu?"

"Minne!"

"La nne?"

"Kicheche! Akatwe mkia!"

"Safi! Akili zinamwagika!"

Mama Pimbi akaziba mdomo kwa kanga asicheke. Kumbe maswali yenyewe Kiboko ndiye aliyemwandikia Mfalme!

Ijumaa Simba akaja. Aliunguruma salamu tu, majani yakapukutika vilima vitatu mbali. Mama Pimbi akamtandikia mkeka, akainama sikioni.

"Mtukufu, shikamoo. Lakini naona aibu kwa niaba yako."

"Marahaba. Aibu gani?"

"Vipaji kama hawa kuanza na swali la kwanza? La kwanza si la hawa wangu wa ndoo? Mfalme mkubwa huanza na la mwisho."

Simba akatikisa manyoya. "Nilikuwa nakusudia hivyo hivyo! Kiboko! Naanza na la mwisho!"

Kiboko jasho tiriri! "Mtukufu, utaratibu wetu..."

"Kwani hawawezi, Mwalimu?" Mama Pimbi akauliza kwa upole.

Wazazi wote wakamkodolea macho. Angesema nini?

"Wa-wanaweza sana!"

Simba akafungua karatasi. "Nani ananuka na kuiba mayai ya watu?"

Vipaji wakainuka, vifua mbele: "Mfalme Simba, baba yetu mpendwa!"

Simba akaisogeza karatasi puani, akaisoma tena.

"Mnasemaje? Haya, wewe mtoto wa Tembo! Miguu yako mingapi?"

"Mawinguni!"

"Mvua inatoka wapi?"

"Minne!"

"Na nani anatawala msitu huu?"

"Kicheche! Akatwe mkia!"

Lahaula! Simba aliruka mpaka mkeka ukapasuka. Akamnyooshea kucha Tabu pale nyuma na ndoo yake. "Wewe! Mvua inatoka wapi?"

"Mawinguni, Mtukufu. Na hawa nao wanajua kila jibu. Maswali ndiyo hawayajui."

Simba akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanuna ghafla. "Kitanzi kitupwe! Darasa liwe moja, uji uwe mmoja. Na vipaji wachote maji, labda vichwa vitapoa!"

Kiboko hakungoja kengele. Chubwi! Mtoni. Mpaka leo anatoa macho na pua tu, akichungulia kama wazazi wameshaondoka.

Anayepima akili kwa kamba, ajifunge nayo mwenyewe.

Na mimi, ambaye darasani sikukaa hata asubuhi moja, nina akili kuliko wilaya tatu. Lakini haya msimwambie mtu, tafadhali. Hasa mwalimu wenu mkuu. Juzi nimemwona dukani ananunua kamba.