Fundi Exavery na Kikao cha Saa Kumi na Robo

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye alitumiwa na mtu wa kwaya yao. Nimeipenda, basi nami nakusukumia. Isome mpaka mwisho, halafu mpelekee yule uliyemfikiria ukiwa katikati.

Palikuwa na fundi mwashi aitwaye Exavery, katika mji mmoja mdogo wa nyanda za juu, kule kwenye baridi. Mikono yake iliyajua matofali, lakini koo lake lilijua pombe zaidi. Alimjengea binti yake, Leokadia, chumba chake mwenyewe, na kila jioni ya ujenzi ule alikuwa amelewa. Mvua za Machi zilipokuja, ukuta ukaangukia kitanda. Mungu ni mkubwa, binti alikuwa ametoka kwenda kuteka maji.

Leokadia hakulia wala hakumtukana baba yake. Alikung'uta godoro, akalikunja, akaenda kuishi kwa bibi yake.

"Nitarudi, baba," alisema. "Lakini silali tena karibu na ukuta uliojengwa na pombe."

Exavery akaapa kuacha. Na hapa nimsifu, kwa sababu hakuishia kuapa. Kuapa hata mlevi huapa kila asubuhi. Aliambiwa kwamba wanaoacha pombe hukutana na wenzao wakasaidiana, akaanza kutafuta kikao.

Cha kwanza kilikuwa Jumapili, kwenye ukumbi mzuri wenye mapazia. Mwenyekiti alihutubia saa mbili nzima juu ya ubaya wa pombe, na hakuna aliyemuuliza Exavery hata jina. Alirudi nyumbani na aibu kubwa kuliko aliyokwenda nayo.

Cha pili kilikuwa ng'ambo ya mto. Kule kila mtu alisimulia jinsi alivyokuwa akinywa, tena kwa madoido, mpaka Exavery akatoka mate yamemjaa mdomoni. Siku hiyo alikunywa.

Cha tatu kilikuwa kizuri kweli. Kiliongozwa na nesi mstaafu, Mama Ediltruda, mtu wa kusikiliza kuliko kusema. Lakini kilianza saa moja jioni, na Exavery alikuwa akimaliza kazi saa kumi. Njiani palikuwa na vilabu vitatu vya pombe. Katika wiki nne alifika mara moja tu.

"Vikao vitatu vimekushinda!" mafundi wenzake wakamcheka. "Sikio la kufa halisikii dawa, bwana."

Maneno yale yalimuuma, lakini hayakumlaza. Kesho yake alfajiri alikwenda kumbishia hodi Mama Ediltruda.

"Mama, kikao chako kinanifaa. Saa yake ndiyo hainifai. Kiu yangu haingojei saa moja."

"Inakujia saa ngapi?"

"Saa kumi na robo. Nikishanawa saruji tu, miguu inajiendea."

Mama Ediltruda akafikiri kidogo. "Basi leo nitakufuata kazini kwako. Tutakwenda pamoja."

Saa kumi na robo wakaongozana. Walipokata kona, Exavery akasimama ghafla. Mbele yake palikuwa na kilabu cha Mama Sekunda, na kibao kilekile cha bluu: ULANZI UPO. Hapo alikunywa pombe hiyo ya mianzi miaka kumi na moja. Tangu ukuta uanguke alikuwa akizunguka nyuma ya soko ili asipaone, na alikataza hata jina la mwenye kilabu lisitajwe mbele yake.

"Mama, unanileta kwa huyu? Huyu ndiye aliyenimaliza!"

"Umevumilia vikao vitatu," nesi akasema. "Vumilia na hatua ishirini."

Alizipiga, moja moja. Ndani, mabenchi yalikuwa yaleyale na vikombe vilevile, ila vikombeni mlikuwa na uji wa ulezi. Watu sita walikuwa wamekaa, wanne kati yao aliwahi kulewa nao. Mama Sekunda akamsogezea kikombe.

"Karibu, fundi. Tangu Pasaka siuzi pombe wala sinywi. Ninyi mlikuwa mnakunywa mnakwenda zenu, mimi nilikuwa nalala nayo ndani."

"Na kibao, mbona hujakishusha?"

"Nikishushe ili nani apotee? Mtu kama wewe, saa kumi, hasomi tangazo la kikao. Anafuata njia aliyoizoea. Mwache aifuate, afike akute uji. Wengi wanasonya na kuondoka. Hawa sita walikaa."

Exavery aliona haya, na alifurahi. Akakaa.

"Naitwa Exavery," alisema. "Leo ni siku yangu ya kwanza."

Tangu hapo alikwenda kila siku, saa ileile. Katika mwezi wake wa pili aliteleza mara moja, akanywa. Kesho yake alirudi akaanza kuhesabu upya, na hakuna aliyemcheka.

Septemba akaujenga tena ule ukuta. Leokadia alikuja, akamwomba baba yake timazi, ule uzi wa fundi wa kupimia ukuta kama umesimama wima, akaining'iniza mwenyewe toka juu hadi chini, mara mbili. Uzi na ukuta vilikwenda sawa. Alikwenda kwa bibi yake, akarudi na godoro, kisha akakisukuma kitanda mpaka kikagusa ukuta.

Funzo: Kikao kimoja kikikushinda, usiseme umeshindwa wewe. Ijue saa yako ya udhaifu, iseme bila aibu, na utafute mpaka uwapate watu wanaokungoja saa hiyohiyo.