Mtungi wa Nahodha Famau

Inasimuliwa, na waliotusimulia walikuwa wakweli, kwamba palikuwa na mji wa pwani ambao kila ulipokaribia msimu wa Hija ulishindanisha mashua zake. Mshindi alipewa nafasi moja katika jahazi la mahujaji. Kanuni zilikuwa chache, na mojawapo ni hii: kila mashua itoke na mtungi uliojaa maji, na irudi nao umejaa. Zamani nahodha mmoja aliyamwaga yake ili chombo kiwe chepesi. Upepo ukakatika, na mabaharia wake wakafa kwa kiu.

Nahodha Famau, mja mwenye kumcha Mola, alikuwa na miaka sitini na miwili. Mara nne alishika nafasi ya pili nyuma ya shemeji yake, Lali, aliyemtania ufukoni: "Shemeji, mgongo wangu umeshauzoea. Leo utaufuata kwa macho mpaka Makka."

Siku hiyo Famau akatangulia. Njiani akamkuta mtu ndani ya mtumbwi, amepotea siku mbili, midomo imepasuka. Akamnywesha nusu ya mtungi, mpaka yule mtu akapata nguvu ya kupiga kafi kurudi kwao. Hapo Famau hakusita, Mola amrehemu. Alisita baadaye, alipoutazama mtungi. Akachota maji ya bahari, akaujaza.

Akafika wa kwanza. Kadhi Mselem, mwamuzi wa mashindano, akatumbukiza ufito wa kupimia mtungini, ukatoka umelowa hadi kwenye alama. Kwa lugha ya mawakili wetu: technically, safi. Case closed. Watu wakaanza kumwita Haji Famau na kumpa mkono, naye kila mkono ulimzidia uzito. Mwisho akasema, "Sheikh, onja."

Kadhi akaonja, akatema. Famau akaeleza yote.

Lali akaguna. "Subhanallah, shemeji, si ungenyamaza tu? Nani huonja mtungi wa mshindi?"

"Yule ninayetaka kwenda kuizuru Nyumba Yake."

Kadhi akasema, "Kanuni hii iliwekwa watu wasife kwa kiu. Maji uliyoyatoa yameitimiza, na lau ungerudi na nusu mtungi ningekupa ushindi. Ila haya ya chumvi, Nahodha, ulimtilia nani?"

"Ufito, Sheikh."

"Basi ufito umeshapata haki yake. Nafasi ni ya Lali."

Famau akaumwaga mtungi, akausuuza mara tatu, akaujaza maji ya kisima, akambebea shemeji yake hadi jahazini. "Tangulia," akamwambia. "Mgongo wako nimeshauzoea."

Enyi waumini, sisi tuliosomeshwa hadi digrii ndio mabingwa wa ufito. Tunaisoma sheria kama mwizi anavyosoma kufuli: inafungukia wapi? Kazi zinatangazwa kwa kufuata kila kipengele, na aliyekusudiwa ameshakaa kitini. Mtungi umejaa, wallahi, hadi kwenye alama. Ila hatujamsikia hata mmoja akisema, "Onja."