Mashavu na Filimbi ya Jumamosi

Mbio za asubuhi huliwa jana.

Mmeisikia leo akirushiwa mwenzetu Kombo mbioni, alipochuchumaa kando ya barabara kama mtu aliyeangusha shilingi. Mkacheka weee, kisha mkauliza nani kaitunga. Haya, vuteni viti. Methali hii haikutoka kitabuni. Ilizaliwa barabarani, hapa hapa Korogwe, na aliyeizaa kwa uchungu ni Bi Mashavu.

Mashavu alikuwa mtoa nyimbo wa klabu ya mbio za pole ya Amka Twende. Kila Jumamosi, kabla jua halijachomoza, watu walikusanyika sokoni wakakimbia mchakamchaka hadi lango la shamba la mkonge na kurudi. Mashavu mbele, filimbi shingoni. Yeye anaita, umati unaitikia. Na desturi ilikuwa moja, haina huruma: mtoa nyimbo akinyamaza kabla ya kurudi sokoni, filimbi inahamia shingo nyingine.

Filimbi ile ilikuwa roho yake. Siku nyingine zote alikuwa muuza samli tu, watu wakimwita ili wampunguze bei. Jumamosi mji mzima ulimwitikia.

Ndipo akaja Zamoyoni, mshona nguo, binti mwenye sauti inayofika mtaa wa pili kabla ya mwenyewe. Mashavu akaanza kukosa usingizi. Akawaza, akawazua, akafikia hitimisho: ngoma inalia vizuri kwa sababu ndani ni tupu, basi na yeye akiliacha tumbo tupu, sauti itapata nafasi ya kuvuma. Ijumaa, kesho yake klabu za jirani zikitarajiwa kuja kukimbia nao, hakugusa chakula cha mchana. Jioni akausogeza pembeni ugali na mlenda, akanywa maji ya moto yenye tangawizi.

Mumewe, Hiza, alimtazama akatabasamu. "Mke wangu, ngoma hailii kwa utupu peke yake. Hulia kwa kupigwa pia."

"Kula, Hiza, ugali unapoa."

Asubuhi wakaondoka kwa kishindo. Mwanzoni sauti ilitoka kweli, naye akajisifu kimoyomoyo. Walipoukaribia mkonge, miguu ikawa kama ya kuazima. Jasho likamtoka, jasho la baridi. Barabara ikalala upande mmoja, na moyo ukapiga mbio zake wenyewe bila kumngoja. Alijua kabisa kwamba anatakiwa kukaa chini. Lakini wageni walikuwa nyuma yake, na Zamoyoni ubavuni. Akaita:

"Nani kapita huku?"

"Ni sisi!"

Akatafuta ubeti wa pili, asiupate. Kichwani hakikubaki kitu ila chakula.

"Nani ana muhogo?"

"Ni sisi!"

"Nani ana maharage ya nazi?"

"Ni sisi!" Umati ukaangua kicheko, ukaongeza mwendo. Walidhani mama kaja na utani mpya.

Zamoyoni peke yake hakucheka. Akasogea karibu. "Dada Mashavu, punguza mwendo. Midomo imekupauka."

"Filimbi unaitaka, sema tu."

"Naitaka. Lakini siitaki kwa kuivua kwenye maiti. Jana umekula nini?"

Mashavu akafungua kinywa aite wali, na wali haukutoka. Magoti yakakunjika.

Hapo kila mtu alitazamia Zamoyoni adake wimbo. Hakuudaka. Alinyoosha mikono, msafara wote ukasimama, akamlaza Mashavu kivulini na kumwinua miguu. Alipozinduka na kuweza kumeza, muuza chai wa pale langoni akamletea kikombe chenye sukari ya kutosha watu watatu. Kisha wakampeleka zahanati.

Mganga alimpima kila kitu, akamuuliza maswali, akatikisa kichwa. "Moyo wako mzima, mama. Umeukimbiza mwili ambao hukuupa kitu tangu jana asubuhi. Na hata siku ukiwa umekula, kizunguzungu kikija usikimbie nacho. Kaa chini, kisha njoo kwangu."

Jumamosi iliyofuata wanaklabu walitaka kumsamehe. Mashavu akakataa. "Nilinyamaza. Desturi ni desturi." Akaivua filimbi, akamvisha Zamoyoni, akarudi nyuma ya msafara ambako hakuwahi kukimbia hata siku moja.

Kabla hawajaondoka akamwona jamaa mmoja mnene, Kihiyo, anayumba kidogo huku anajifunga kamba za viatu.

"We Kihiyo, jana umekula nini?"

"Chai ya rangi, dada. Nautafuta wepesi."

"Wepesi huo nimeshauvaa, ulinilaza chini. Leo wewe hukimbii. Nenda kwa mama lishe, kaa, kula taratibu." Kihiyo akabisha kwamba atakula sasa hivi halafu atawafuata. Mashavu akamshika bega. "Za leo umeshachelewa, ndugu yangu. Mbio za asubuhi huliwa jana."

Watu wa nyuma wakacheka, mmoja akairudia, mwingine akaidaka. Zamoyoni akaisikia kule mbele. Filimbi mdomoni, akageuka akamtazama Mashavu, akaishusha, akangoja. Mashavu akaelewa. Akavuta pumzi, akaita kutoka kule mkiani:

"Mbio za asubuhi?"

Na msafara mzima, kuanzia mkiani hadi kwa Zamoyoni, ukamwitikia:

"Huliwa jana!"